Anza na maji, kilomita baadaye: kwa wanaoanza kupanga safari za miguu Uskoti

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunavidharau vilima vya Uskoti kwa sababu ya kimo chake. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345, na Nairobi yenyewe iko juu zaidi ya hapo. Nami nilidharau hivyo hivyo. Miaka ya kutembea huko imenifundisha kwamba kinachomshinda mtu ni ardhi, si mwinuko. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu kilomita, jiulize maji yanakaa wapi, yanapita wapi, na mvua ikinyesha usiku kucha yatafurika wapi.

Chukua Rannoch Moor, uwanda mpana wa kinamasi. Kutoka stesheni ya Corrour hadi ya Rannoch, treni haimalizi robo saa. Kwa miguu, ukifuata njia ya zamani inayopita magofu ya Corrour Old Lodge, ni kama kilomita 18. Waliojenga reli ile, iliyofunguliwa mwaka 1894, walikuta kinamasi kirefu hivi kwamba walilazimika kutandika matawi na udongo, tabaka juu ya tabaka, ili reli ielee juu yake.

Kuna kanuni ya mpanda milima wa Kiskoti, William Naismith, ya mwaka 1892. Kwa vipimo vya leo ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Inafaa kwenye njia kavu. Nje ya njia, kwenye kinamasi, mimi huhesabu kilomita 2 kwa saa. Wakati mmoja nilikata njia ya mkato ya kilomita 3 nikajipa dakika 45. Nilitumia zaidi ya saa mbili. Udongo mweusi wa mboji ulikuwa umechimbika mifereji yenye kina kunishinda kimo, nikawa nashuka na kupanda, nashuka na kupanda, kila baada ya hatua chache. Ramani ilikuwa imenionya: eneo lote lilijaa alama za vishada vya nyasi vya buluu. Mimi nilikuwa nimetazama kontua tu, yaani mistari ya mwinuko.

Kwa hiyo tumia ramani ya 1:25,000, ambamo sentimita 4 ni kilomita moja, na utafute vishada hivyo kwanza. Mahali ambapo kontua zimeachana sana, hasa juu ya mgongo mpana wa kilima, maji hayana pa kwenda, hukaa hapo hapo. Majina ya Kigaeli nayo husaidia: mòine ni mboji, fèith ni mkondo wa kinamasi. Ukiwa njiani, kijani kinachong'aa kama mpunga mchanga shambani ni sifongo la maji, usilikanyage. Vichaka vifupi vya maua ya zambarau mara nyingi huota pakavu zaidi.

Mito ndiyo inayonitia hofu kuliko kinamasi. Kimstari chembamba cha buluu kwenye ramani, baada ya mvua ya usiku mmoja, huwa maji ya kahawia yanayonguruma, na mara nyingi hakuna daraja. Weka alama kila unapovuka, kisha andika kando yake utafanya nini usipovuka. Afadhali uzunguke juu, karibu na chanzo, mto ukiwa bado mdogo. Na usijiingize kati ya mito miwili bila njia ya kutoka, kwa maana wa mbele unaweza kukukatalia na wa nyuma ukawa umeshajaa. Ukiona mto umefurika, rudi au subiri. Mito ya huko hujaa haraka na hupungua haraka pia, na kuna siku nililala ukingoni nikauvuka mto asubuhi maji yakiwa magotini.

Katikati ya Desemba mchana hautimii urefu wa saa 7, na saa kumi jioni giza linaanza kuingia. Juni mwanga ni mwingi, lakini visubi watakutafuna upepo ukitulia. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inakuruhusu kutembea karibu popote kwa uangalifu. Hata hivyo kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna uwindaji wa kulungu, hivyo waulize wenye ardhi kabla. Vibanda vya milimani vilivyo wazi kwa yeyote kulala vipo, ila beba hema, maana huenda ukakuta vimejaa.

Mwisho, mwachie mtu karatasi yenye njia yako, mahali pa kukatiza safari, na saa ambayo asipokusikia apige 999, aombe polisi, kisha waokoaji wa milimani. Usitegemee kumpigia ukiwa njiani, sehemu nyingi hazina mtandao. Ongeza saa mbili kwenye muda uliokadiria ndipo umpe saa hiyo, na ukifika stesheni mpigie kabla hujavua buti.