Harufu ya Kabati Jipya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi seremala, Ligula, Mtwara. Nikikata bodi za MDF macho huwasha, na wateja wanalalamikia harufu ya makabati miezi mizima. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo ni fomaldehidi, gesi itokayo kwenye gundi ya yurea iliyoshikanisha nyuzi laini za mbao zinazounda bodi ya MDF. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, tafadhali usiizoee. Joto na unyevunyevu huvunja gundi ile, na pwani yetu ina vyote viwili.

Sehemu mbaya zaidi ni kingo ulizokata na matundu ya skrubu, kwa kuwa uso umefunikwa na melamini, lile tabaka gumu kama plastiki. Ziba kila ukingo kwa utepe au vanishi, hata wa nyuma unaoegemea ukuta. Huo ndio mafundi wengi huuacha wazi, nami huniuma sana nikiuona kwenye kabati la nguo za mtoto. Dukani ulizia bodi za daraja la E1, ambazo hutoa gesi kidogo. Katia nje. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Kabati likiisha, liache milango wazi kibarazani kabla ya kumpelekea mteja.