Maswali kwa Mkutubi: Vitabu Elfu Tatu na Mikono Mitupu

SWALI: Mheshimiwa Mkutubi, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kidogo cha ualimu, eneo la West Nile, Uganda. Muhula huu nimekabidhiwa ufunguo wa maktaba juu ya vipindi vyangu vya kawaida. Humo mna vitabu vinavyokaribia elfu tatu, vingi vikiwa vya msaada kutoka ng'ambo, lakini wanachuo huingia, huzunguka rafu, kisha hutoka mikono mitupu. Vitabu vya Kiswahili ni sanduku moja tu na sijui nivipange wapi. Nianzie wapi?
Mwalimu, Arua

JIBU: Ndugu Mwalimu, hongera na pole, kwa kuwa ufunguo huo huleta yote mawili. Kabla hujahamisha hata kitabu kimoja, chukua daftari, kaa karibu na mlango kwa wiki mbili, na umwulize kila anayetoka alikuwa akitafuta nini na kama amekipata. Andika hata vile msivyokuwa navyo. Daftari hilo litakueleza mengi kuliko hesabu ya elfu tatu, kwa sababu maktaba ya chuo kidogo hupimwa kwa mara ambazo mtu alikuja kutafuta jambo la somo lake akalikuta.

Baada ya hapo shika mtaala mkononi na upite rafu kwa rafu. Hapa ndipo wengi wetu huingiwa na woga, kwani tumelelewa kuamini kwamba kitabu hakitupwi. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua sanduku la msaada nikakuta miongozo ya kodi ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, na kwa aibu ya kumkosea mtoaji nikaipanga vizuri rafuni, ikakaa miaka bila kuguswa na yeyote isipokuwa mchwa. Usifanye kosa hilo. Atlasi inayoiita Kongo kwa jina la Zaire, lililoachwa mwaka 1997, au isiyoonyesha mpaka wa Sudan Kusini, iliyopata uhuru mwaka 2011, itampotosha mwanachuo wa Arua, ambaye anaishi jirani na nchi zote mbili. Weka nakala moja kwa ajili ya mwalimu wa historia ukipenda, nyingine ziondoke.

Lakini ziondoke kwa utaratibu. Omba mkuu wa chuo aunde kamati ndogo, orodhesheni vitabu hivyo pamoja na namba zake katika daftari la kuingizia vitabu, orodha itiwe sahihi, kila kitabu kigongwe muhuri wa kuonyesha kuwa kimeondolewa, ndipo kigawiwe au kiharibiwe. Ukiruka hatua hii, mkaguzi wa mali atakuja siku moja kuuliza vitabu mia tano vimekwenda wapi, na jibu lako litasikika kama la mwizi.

Kuhusu sanduku lako la Kiswahili, mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, uliochapishwa kwanza mwaka 1876 na ambao hadi leo hutumika katika maktaba nyingi, huweka lugha ya Kiswahili chini ya 496.392 na fasihi yake chini ya 896.392. Maana yake ni kwamba sarufi itakaa upande mmoja wa chumba na riwaya upande wa pili, katikati yake zikiwemo hisabati, kilimo na sanaa. Mtagundua pia kwamba Kiingereza kilipewa 420 na 820 nzima nzima, ilhali lugha za Afrika zimebanwa mwishoni mwa kila kundi. Hayo ndiyo macho ya mtu wa karne ya 19, wala si wewe utakayeyasahihisha muhula huu. Bandika namba hizo mgongoni mwa vitabu kama kawaida, lakini ukitaka ushauri wangu, viweke vyote pamoja katika rafu moja karibu na mlango, uandike juu yake KISWAHILI kwa herufi kubwa. Wapo wakutubi watakaonung'unika. Waache.

Rafu hiyo nayo itahitaji kukua. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, kwa hiyo wanachuo wako ndio watakaotakiwa kusimama mbele ya madarasa hayo. Fedha kidogo mtakayopewa inunue nakala nyingi za vitabu vichache vinavyofundishwa, pamoja na kamusi za kutosha, badala ya nakala moja moja ya kila kilichopo dukani.

Juu ya kompyuta, utaambiwa habari za Koha, programu ya maktaba isiyolipiwa iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, na ambayo jina lake kwa Kimaori lina maana ya zawadi. Ni programu nzuri. Ila inahitaji mtu wa kuitunza na umeme usiokatika ovyo, na kwa vitabu elfu tatu daftari safi pamoja na jedwali la kawaida la kompyuta vitakutosha kwa sasa. Mwisho, sogeza rafu zote kiasi cha shubiri moja kutoka ukutani na uinue ile ya chini kutoka sakafuni, kwa maana kuvu na mchwa huanzia huko.

SWALI: Mzee wetu, kitabu tunachokihitaji kwa kazi ya muhula kimefichwa nyuma ya meza ya mkutubi. Tunaruhusiwa kukisoma kwa saa mbili tu, humo humo ndani, na maktaba hufungwa saa kumi na moja jioni. Mimi napanga nje ya chuo na mchana nina vipindi. Je, hii ni haki? Na je, naweza kukitoa fotokopi chote?
Mwanachuo wa mwaka wa pili, Jinja

JIBU: Binti yangu, hakikufichwa, kimewekwa akiba. Tufanye hesabu. Tuseme darasa lenu lina watu 60 na nakala ni 3. Kila mmoja akikaa nacho wiki mbili, zitahitajika zamu 20, yaani wiki 40, na wa mwisho atakipata mtihani umekwisha. Lakini maktaba ikifunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja, kila nakala hupata zamu nne za saa mbili, nakala tatu hupata zamu 12 kwa siku, na kwa siku tano wote 60 mmekwisha kukisoma. Utaratibu huo, pamoja na ukali wake wote, unakulinda wewe usiye na rafiki wa kukupitishia kitabu kwa siri.

Palipo na kasoro ni usiku, ambapo nakala tatu hulala kabatini bila faida. Mwombeni mkutubi aruhusu kuazima kwa usiku mmoja: kitabu kitoke maktaba inapofungwa na kirudi inapofunguliwa, na faini ya kuchelewa iwe kubwa kuliko ile ya vitabu vya kawaida. Nendeni na kiongozi wa darasa, na mpeleke ombi hilo kwa maandishi.

Kuhusu fotokopi, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inaruhusu matumizi ya haki, yakiwemo ya mtu binafsi, lakini huangalia pia kiasi kilichonakiliwa na athari yake kwa soko la kazi hiyo. Sura moja ya kujisomea haina neno. Kitabu kizima, tena kikiuzwa kwa wenzako, ni jambo jingine kabisa.

SWALI: Chuo chetu cha kilimo hakina fedha za kulipia majarida ya kitaalamu. Tufanyeje?
Mkufunzi, Masaka

JIBU: Mkutubi wenu akiandikishe chuo katika Research4Life, mpango wa kimataifa wa kusomea majarida ya kitaalamu mtandaoni, ambao ndani yake mna Agora, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya majarida ya kilimo na chakula. Uganda imo miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake husoma bila malipo. Anayeandikishwa ni chuo, si mtu mmoja mmoja, na nenosiri hutunzwa na mkutubi. Kwa kuwa bando ni ghali, mkutubi apakue makala zinazoombwa wakati mtandao ukiwa mzuri, azihifadhi katika kompyuta ya maktaba, na wanachuo wazisomee hapo. Nenosiri lisibandikwe ukutani.