Kutenganisha majina kwenye Excel

Dada, umeuliza namna ya kutoa jina la kwanza peke yake kwenye orodha ya majina kamili ya wakulima wa karafuu wa Wete. Usiyachape upya, utakesha bure. Kama Excel yako ni ya 2013 au baada ya hapo, nenda kwenye safu tupu pembeni ya majina kamili. Karibu na "Asha Juma Faki" andika "Asha" tu, bonyeza Enter, kisha Ctrl+E. Safu yote itajijaza yenyewe. Ila pitisha jicho: walioandikwa "Bi Asha" huenda ikakutolea "Bi" peke yake. Na ukija kusahihisha jina baadaye, safu mpya haibadiliki, itakubidi urudie. Na lile swali lako la kuanzisha onyesho la PowerPoint bila kurudi slaidi ya kwanza ni dogo tu: Shift+F5 huanzia kwenye slaidi uliyopo.