Unataka mbwa wa kulinda parsele Goma? Acha kwanza kumtafuta mkali

Wezi wakizidi mtaani, simu yangu haipumziki. Watu wanajua ninafuga mbwa, na swali huwa lile lile: "Kaka, berger allemand (German Shepherd) nitampata wapi?" Mwingine anataka Rottweiler. Mwingine ameona video ya Malinois akiruka ukuta, tangu hapo hana usingizi. Ni nadra mtu kuniuliza mbwa huyo atakula nini, nani atamshika siku ya sindano, au watoto wa jirani wanaoingia kuchota maji kwenye robine watapita wapi. Wote wanachotaka ni mbwa mkali, na hapo ndipo tunapoanza kubishana.

Parsele zetu nyingi, yaani viwanja vya nyumba vyenye ua, zina familia mbili tatu, mlango mmoja wa barabarani na choo kimoja. Humo mbwa mkali ni balaa. Unayemhitaji ni mbwa mwenye masikio mazuri, anayemjua wa nyumbani na mgeni, na asiyebweka ovyo, ili siku akibweka saa nane za usiku mtu aamke. Mwizi wa hapa haogopi meno sana. Anaogopa taa ziwake na majirani waanze kupiga masufuria na filimbi.

Kuna wanaomlisha mbwa pilipili au kumfungia gizani tangu mdogo, wakiamini ukali utamwingia. Kinachomwingia ni woga, na mbwa mwoga huuma aliye karibu: mtoto anayeokota mpira, mama anayeanika nguo. Mwizi yeye anakuja na jiwe mkono huu na kipande cha nyama mkono huu. Ukitaka kujua mbwa wa kazi hasa ni yupi, waangalie wale bloodhound wa Mbuga ya Virunga, kule Rumangabo. Kikosi chao kilianza mwaka wa 2011. Masikio yananing'inia, midomo inadondosha mate, na kazi yao ni kufuata harufu ya majangili au ya mtu aliyepotea. Kwa tabia ni mbwa wapole kabisa. Nguvu yao iko kwenye pua na kwenye mazoezi ya kila siku na mtu anayewazoea.

Berger allemand ni mbwa mzuri, hilo sibishi. Max von Stephanitz alianza kumjenga huko Ujerumani mwaka wa 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo, kwa hiyo damu yake inadai kazi. Mfungie kwenye kona kuanzia asubuhi hadi usiku uone: atachimba, atatafuna mbao za ua, atabweka hadi majirani wakukatae. Dume anafika kilo 30 hadi 40, na mwili huo hauendi kwa bugali peke yake. Nyonga zake nazo zina ugonjwa wa kurithi, mbwa anaanza kuyumba nyuma hata hajazeeka, ndiyo maana ni vizuri uwaone wazazi wake wakitembea kabla ya kutoa pesa. Halafu tuambiane ukweli: wengi wanaouzwa hapa kwa jina la berger ni machotara. Chotara hana ubaya wowote. Ubaya uko kwenye bei.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba wazungu nao wanahangaikia mbwa wa kwetu. Basenji ametoka misitu ya Kongo, akaanza kufugwa Uingereza miaka ya 1930, na leo huko ana vyeti vya ukoo. Mkia umejikunja juu ya mgongo, nywele fupi, na habweki kama mbwa wengine, hutoa sauti ya kuimba-imba. Wawindaji humfunga kengele ya mbao shingoni ili wajue alipo. Kwa ulinzi wa usiku hafai, lakini humtaja kila nikikutana na mtu anayeamini mbwa wa maana lazima atoke ng'ambo. Wangu mimi ni jike wa kawaida, rangi ya kahawia, nilimtoa kwa jirani mtaani Katindo. Katika kulinda sijaona wa kumzidi.

Sasa kununua. Mtoto wa mbwa anayeuzwa kwenye katoni kando ya barabara siku zote "ana miezi miwili". Mfungue mdomo. Meno ya utotoni huanza kutoka karibu wiki ya 3, na hutimia 28 akikaribia wiki ya 8. Ukikuta vijino vya mbele tu, na ufizi wa nyuma bado laini, huyo ametolewa kwa mama yake mapema mno. Ukikuta jino la mbele kubwa limesimama katikati ya madogo, amefika miezi minne hivi, maana hapo ndipo meno yanapoanza kubadilika. Sikwambii haya kwa ajili ya kumkomoa muuzaji. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa anapojifunza dunia: kutoka kwa mama na ndugu zake anajua kung'ata kwa kiasi, kutoka kwa watu anajua kwamba mtoto anayekimbia, pikipiki na chukudu (kile chombo cha mbao cha kusukuma) lililobeba makaa si maadui. Ukimpata amepitisha muda huo ndani ya katoni au kwenye kamba, utafanya kazi mara mbili.

Mpapase na tumbo. Tumbo la duara, gumu, chini ya mbavu zinazohesabika, ni minyoo, na hiyo inatibika kwa urahisi. Kisha nyanyua mkia. Pakiwa na alama za kuhara, mrudishe kwenye katoni hata kama watoto wako wanalia.

Ninachokiogopa hapo ni parvo, ugonjwa wa virusi. Mtoto wa mbwa anaanza kutapika, anaharisha damu inayonuka, na kwa siku chache tu anaweza kufa. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka, na ardhi yetu ya mawe ya volkano ina nyufa ambazo javeli (dawa ya kuulia vijidudu) haiwezi kufika. Kama mbwa alikufia kwako namna hiyo, usilete mtoto mwingine mpaka amalize chanjo huko huko anakokaa. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka apite wiki ya 16. Wengi wanadunga mara moja, wanafunga kitabu. Kinga ambayo mtoto ameinyonya kwa mama yake huweza kuizuia ile ya kwanza isishike, ndiyo sababu ya kurudia.

Daktari wa wanyama akija nyumbani, simama karibu uangalie kazi. Chanjo inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na umeme wa Goma tunaujua sote. Akiitoa kwenye mfuko wa koti, mshukuru, umsindikize hadi mlangoni. Anayejua kazi huja na kisanduku cha barafu. Kwa chanjo ya parvo na wenzake mara nyingi utaona vichupa viwili, kimoja cha unga mkavu na kingine cha maji. Anavichanganya mbele ya macho yako, anadunga hapo hapo, halafu anabandua kile kikaratasi chenye jina la chanjo na namba zake, anakibandika kwenye kijitabu cha mbwa. Kijitabu kisicho na vikaratasi hivyo, chenye sahihi tu, mimi sikihesabu.

Kuhusu kulala: kibanda cha mabati matupu kinaunguza mchana, na usiku, huku kwetu karibu mita 1,500 juu ya bahari, kinagandisha. Jenga cha mbao, ukiinue kidogo ili maji ya mvua yapite chini, na mahali anapopenda kujilaza mwaga mchanga laini, kwani mawe yetu meusi yanakwaruza nyayo na viwiko. Mlango wa kibanda usitazame ukuta. Aone mlango wa barabarani.

Mnyororo ndio unaoharibu walinzi wengi. Mbwa aliyefungwa kwenye kamba ya mita moja karibu na mlango hubweka kila anayepita, na baada ya wiki mbili hakuna anayeinuka kitandani kwa ajili yake. Mchana, ukilazimika kumfunga, tandaza waya mrefu kutoka ukuta hadi ukuta ili kamba yake iteleze juu yake. Usiku, mlango ukishafungwa, mfungue azunguke. Mlishe jioni, kwenye sahani yake, mbwa mwenye njaa ndiye anayeokota nyama ya sumu iliyorushwa juu ya ukuta. Ukimkuta anatetemeka na mate yanatiririka, mkimbize kwa daktari. Kumnywesha mafuta au maziwa kwa nguvu hakumsaidii, na yanaweza kuingia mapafuni. Na kitu kingine: tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, watu walikimbia na watoto na magodoro, mbwa wakabaki na minyororo shingoni. Nyumbani kwangu kamba ya kumwongozea na kijitabu chake vinakaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Watoto wanajua: ikishindikana kumchukua, afunguliwe.

Mafunzo hayahitaji mtaalamu wala fimbo. Yanahitaji sambaza wakavu (samaki wadogo wa ziwani) mfukoni na dakika tano asubuhi, tano jioni. Unasema "kaa", unapandisha sambaza juu ya pua yake kuelekea nyuma, makalio yanashuka yenyewe, unampa papo hapo. Ukichelewa hata kidogo, atadhani umemlipa kwa kuinuka. Shida ya nyumba za hapa ni lugha: baba anasema "assis", mama "kaa", kijana amesikia kitu cha Kiingereza kwenye filamu, halafu mbwa anaitwa mjinga. Kaeni mkubaliane neno moja kwa kila jambo. Langu la muhimu kuliko yote ni "njoo", na simwiti mbwa wangu kwa "njoo" ili nimkemee, hata akiwa ameiba samaki wa mtu.

Chakula sitakichelewesha: bugali na sambaza au utumbo uliopikwa, bila kitunguu, bila sosi iliyobaki mezani (vitunguu huharibu damu ya mbwa), na bila mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika vipande vyenye ncha. Dawa zenu za maumivu kama paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua. Kupe watafute ndani ya masikio na kati ya vidole. Akikojoa mkojo mweusi na ufizi ukawa mweupe, usingoje kesho.

Wanaokaa upande wa Himbi, Kyeshero na kuelekea Bulengo wana jambo lao, mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Pua ya mbwa iko chini, basi yeye ndiye anayeanguka kwanza. Matembezi ya alfajiri pitia juu ya barabara, mbwa awe kwenye kamba. Akiangukia shimoni, usishuke kumtoa. Watu wameshafia humo wakifuata mnyama.

Jike huingia kwenye joto mara mbili kwa mwaka hivi, na kila mara madume ya mtaa mzima yanakesha mlangoni kwako. Mimba ni siku 63 hivi. Kama huna mahali pa kuwapeleka watoto, mfungishe uzazi. Walinzi wazuri ni majike, na operesheni haiwapunguzii ulinzi.

Kichaa cha mbwa nimekiweka mwisho kwa sababu hapo hatuongelei tena mbwa wako peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaokipata wameambukizwa na mbwa, na kati ya watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, hospitali haina la kufanya. Mdunge mbwa wako akiwa na miezi mitatu, umrudie kila mwaka, na sikiliza redio mwezi wa tisa, maana tarehe 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya ugonjwa huu na kampeni za chanjo huweza kutangazwa.

Mtu akiumwa, iwe ni mbwa wako au wa njiani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Robine ikiwa kavu, mmoja ashike bidoni amimine polepole, mwingine asugue. Usipake majivu, mafuta wala pilipili, na kidonda kisishonwe haraka. Siku hiyo hiyo nenda hospitali, sindano ianze. Vijana wa mtaa watataka kumuua mbwa. Wazuie kama anashikika: afungiwe, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima hadi siku ya 10, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akifa au akianza kulegea taya kabla ya hapo, mwambie daktari wa wanyama mara moja, wala usiuguse mdomo wake kwa mikono mitupu.