Je, Mkahawa Ndio Unaopandisha Kodi za Nyumba?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba wakazi wa zamani wa Harlem, jijini New York, huingiwa na hofu kampuni kubwa inapofungua mkahawa mtaani kwao. Kikombe cha kahawa kinamfukuzaje mpangaji?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, hofu hiyo ina msingi, ingawa kahawa yenyewe haina hatia. Starbucks, kampuni kubwa ya Marekani ya mikahawa ya kahawa, ilifungua mkahawa Harlem mwaka 1999 kwa ubia na Magic Johnson, nyota wa mpira wa kikapu, kwa nia ya kupeleka biashara na ajira katika mitaa ya Wamarekani Weusi ambayo wawekezaji walikuwa wameipuuza kwa miaka mingi. Nia hiyo ilikuwa njema, nami siibezi.

Mwaka 2018, Edward Glaeser wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba kila mkahawa mpya wa Starbucks uliambatana na ongezeko la bei za nyumba la takriban asilimia 0.5 katika eneo husika. Hata hivyo, kuambatana si kusababisha, kwa kuwa kampuni huchagua mahali ambapo wateja wenye fedha wameshaanza kuhamia.

Anayeumia mapema ni mwenye duka dogo: New York hudhibiti kodi za nyumba nyingi za kuishi, lakini haidhibiti kodi za maduka, hivyo mkataba unapokwisha mwenye jengo anaweza kudai kiasi chochote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sheria inapopaswa kurekebishwa kwanza.