Kurusha video mubashara bila kulipa
Ndugu, umeuliza programu ya kurusha video mubashara bure, bila nembo ya mtu kukaa juu ya picha. Chukua OBS Studio: hulipi hata senti, na inakubali Windows, Mac na Linux. Nakili ufunguo wa matangazo (stream key, yaani msimbo wa siri wa kurushia kwenye chaneli yako) kutoka YouTube, ubandike kwenye mipangilio ya OBS, uko hewani. Ufunguo huo usimpe mtu, akiupata atarusha chochote kwenye chaneli yako! Omba ruhusa ya kurusha mubashara mapema, mara ya kwanza YouTube huweza kuchukua hadi saa 24 kuitoa. Picha ikikatakata, shusha ubora wa picha kutoka 1080p hadi 720p.