Sweta haipiti kichwani

Swali: Shangazi, nimemfumia mtoto wa dada yangu sweta kwa uzi nilioununua soko la Kadutu. Mwilini inamkaa, ila shingo haipiti kichwani. Nifumue yote?
Msomaji, Bukavu

Jibu: Yote ya nini, mwanangu? Fumua ukingo wa shingo tu, ufunge vitanzi upya kwa sindano nene zaidi, mkono ukilegea. Ikibana bado, achia mshono wa bega moja na utie vifungo viwili. Vishone kwa uzi maradufu, maana watoto hutafuna kila kitu. (Vile vya umbo la kipepeo sivipendi, vinakwaruza shingo.) Pasi ya moto usiiguse: kama uzi ni wa akriliki (nyuzi za plastiki, si sufu), sweta italegea na haitarudi.